Tabo haifi yenyewe: cheki oili na maji kabla hujanunua nyingine

Tabo (turbo, ile inayoisukumia injini hewa) ya kwanza ilinifia napandisha Himo kwenda Marangu, pikapu ya dizeli ya mjomba, nyuma mifuko ya saruji, na mimi nimekanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sababu kuna kosta inanipigia honi. Nikasikia mluzi kama birika linataka kuchemka, mluzi ukageuka kelele ya chuma, halafu ukatoka moshi wa bluu mzito mpaka ile kosta ikaacha kupiga honi. Nikafika kwa kujikongoja. Wiki ileile nikanunua tabo used, nikaifunga mwenyewe uani na rafiki yangu, na picha tukapiga. Siku ya tisa nayo ikafa, mluzi uleule, moshi uleule.

Ndo nikaenda kwa mzee mmoja ana gereji Majengo, Moshi. Shikamoo, marahaba, nikaweka tabo mezani nikamwambia naomba anitafutie nyingine nzima. Hata hakuishika. Akaniuliza, "Ya kwanza ilikufa na nini?" Nikamwambia ilichoka mzee, ya zamani ile. "Sijakuuliza umri wake kijana, nimekuuliza imekufa na nini." Nikakosa jibu. Akaniambia nikafungue kile kibomba chembamba kinachopeleka oili kwenye tabo nimletee. Nikaleta. "Puliza." Nikapuliza mpaka masikio yakaziba, hewa haipiti. Akachukua spoki ya baiskeli, akachokonoa taratibu, vikaanza kutoka vitu vyeusi punje punje kama kahawa iliyoungulia kikaangoni, akavimwaga kwenye kiganja changu. "Haya, shika. Hawa ndo wezi wako, na umewalipa mara mbili."

Ule weusi ni oili. Oili iliyoungua ikawa mkaa.

Sasa ili uelewe inaunguaje inabidi ujue ile kitu ndani ikoje, na wala haina mambo mengi. Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja. Feni moja inasukumwa na moshi wa ekzosti, nyingine iko upande wa pili inavuta hewa na kuisukumia injini. Katikati kuna kifuko cha chuma chenye bushi na hizo bushi hazigusi shafti, shafti inaelea juu ya oili, utando mwembamba kuliko unywele. Na ile shafti inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, yaani ukifanya hesabu kwa mizunguko 120,000 ni mara 2,000 ndani ya sekunde moja. Huku upande wa ekzosti moto ni nyuzi 700 na zaidi kwa dizeli, kwa petroli unavuka 900. Kwa hiyo oili ina kazi mbili pale, kulainisha na kubeba joto kuliondoa. Ikikatika sekunde chache tu wakati shafti iko kwenye spidi hiyo, imeisha hiyo, utakuja kusikia mluzi baadaye lakini kifo kilishatokea.

Tabo nyingi zina maji pia. Angalia kile kifuko cha katikati, ukiona kibomba chembamba cha oili juu, bomba nene la oili chini, halafu na vibomba viwili vya pembeni vinavyoenda kwenye mipira ya rejeta au ya hita, hiyo inapozwa kwa oili na maji. Ukiona mabomba ya oili tu basi inategemea oili peke yake na hapo inabidi uwe na adabu mara mbili.

Tuanze na oili yenyewe. Kosa ninaloliona sana huku kwetu ni mtu ana gari ya tabo anaweka ile oili nzito namba 40 peke yake, kisa baba yake alikuwa anaweka kwenye lori na lori lilidumu. Asubuhi ya mwezi wa saba Arusha unajua baridi yake, oili nzito vile inachelewa kufika juu kwenye tabo, na wewe umewasha, umepiga resi mbili tatu "ichangamke", umeondoka. Shafti imezunguka kavu. Dizeli za kizamani zenye tabo weka 15W-40 ya daraja la dizeli, CI-4 kwenda juu. Dizeli za kisasa zenye chujio la masizi kwenye ekzosti zinataka oili yenye majivu kidogo, mara nyingi 5W-30 iliyoandikwa C2 au C3, na petroli zenye tabo kama kina Subaru Forester weka sinthetiki. Kitabu cha gari kikisema kingine kifuate kitabu, usinifuate mimi.

Kilomita 5,000 unamwaga na filta unabadilisha palepale, sio "filta tutabadilisha safari ijayo". Najua kuna makopo yameandikwa kilomita 10,000 au 15,000 lakini makopo hayo hayajawahi kupita njia ya vumbi ya Naabi kule Serengeti wakati wa kiangazi. Kwenye filta nako kuna mtego, filta nyingi nzuri zina kimpira ndani kinachozuia oili isirudi yote chini ukizima, ile feki kimpira hakipo au kimekakamaa kama plastiki, kwa hiyo kila asubuhi njia ya oili iko tupu na tabo inasubiri. Gari inayogonga sekunde mbili tatu ikiwashwa halafu inatulia, anza kwa kushuku filta. Na oili nunua duka linalojulikana, angalia lakiri ya kopo, makopo matupu yana soko na hawayanunui kwa ajili ya kuhifadhia mafuta ya taa.

Wenye Hilux na Prado zenye injini ya 1KD, ile D-4D ya 3.0, nyie mna jambo lenu la peke yenu. Washa za chini ya nozeli, vile vipete vya kuzibia, zikichoka zinavujisha moshi wa silinda kuingia ndani ya injini, ule moshi unachafua oili, inakuwa na masizi mazito kama lami, yanashuka mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba lile chujio dogo ambalo pampu inavutia oili. Taa ya oili inaweza isiwake vizuri mpaka umechelewa, na wa kwanza kulia njaa ni tabo kwa sababu iko mbali na inakula oili nyingi. Ukinunua gari ya hivyo mkononi mwa mtu, kabla ya kuhangaika na redio na vitambaa vya siti, shusha sampo uone chujio kwa macho yako. Kazi ya nusu siku. Ukikuta limeziba usisafishe tu ukafunga, badilisha na zile washa maana ndo chanzo.

Subaru nazo, zile za injini ya EJ20 zenye tabo, bolti inayopitisha oili kwenda kwenye tabo nyingi zina kichujio kidogo ndani yake, kama wavu wa chai lakini wa kidole. Kikiziba oili haipandi. Watu wengi hawajui hata kama kipo, wanabadilisha tabo na kuacha kichujio, ni yaleyale yangu ya spoki.

Haya, kibomba cha kupeleka oili. Hapa sina maelewano na mtu: ukibadilisha tabo badilisha na kibomba. Utasikia fundi anasema tutakiosha na petroli na kupuliza kompresa, na kweli hewa itapita, ila ule mkaa ulioshika kwenye kuta za ndani hautoki wote, unaachia baada ya siku kadhaa injini ikipata moto na unakwenda moja kwa moja kwenye bushi mpya. Mimi cha kwangu sikukigusa kabisa, nikidhani bomba ni bomba tu.

Bomba la kurudisha oili ndo limesahaulika kuliko yote na linasababisha kesi nyingi ambazo watu wanasema tabo "inakula oili". Oili ikiingia kwenye tabo inaingia kwa presha, ikitoka inatoka kwa kudondoka tu kama maji ya kwenye paa, hakuna pampu inayoivuta, tena inatoka na povu. Ndo maana bomba la kurudi ni nene. Likipinda, likibonyea, likipitishwa kwa kulalia upande, au shimo lake likiwa chini ya usawa wa oili kwenye sampo, oili inajaa ndani ya tabo na kutafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye zile ringi za shafti. Zile sio oili sili za mpira ujue, ni ringi za chuma kama za pistoni, hazijatengenezwa kuzuia oili iliyojaa. Unaona moshi wa bluu, unaona oili kwenye mpira wa intakula (ile rejeta ya kupoza hewa ya tabo), unaambiwa tabo imekufa, unanunua mpya, moshi uleule. Tabo ilikuwa nzima.

Kuna na wengine watatu wanaofanya hivyohivyo. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu ya stiki. Bomba la kupumulia injini lililoziba, kwa hiyo presha ya ndani inazuia oili kushuka. Na injini yenyewe iliyochoka ringi za pistoni. Fungua mfuniko wa kuwekea oili gari ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, uweke kiganja juu, ukisikia inakupulizia kama feni na moshi unatoka kwa mafungu, shida iko kwenye pumzi ya injini, tabo iache kwanza.

Na silikoni jamani. Ile gamu nyekundu au ya kijivu. Usiipake kwenye mabomba ya oili ya tabo, hata kidogo, tumia gasketi yake. Ukikaza bolti ile silikoni inabinyika kwenda nje unaiona, na nusu nyingine inabinyika kwenda ndani huioni, inakatika kipande na kwenda kuziba. Nimeshaona kipande kama punje ya mchele kimekaa kwenye tundu la kuingizia oili, kimekaa vizuri kama kizibo kilichopimwa.

Sasa uendeshaji, maana unaweza kuwa na oili nzuri na mabomba mapya ukaiua kwa mguu na ufunguo. Ukiwasha, acha gari iungurume nusu dakika mpaka dakika bila kupiga resi, halafu dakika tano za kwanza endesha kistaarabu. Kuzima ndo kwenyewe. Injini ikizimwa, pampu ya oili imesimama hapohapo, ila ile feni ya ekzosti bado ina moto wa mlimani na ule moto unatambaa kwenye shafti kuja kwenye bushi. Oili iliyobaki pale haiendi popote, inakaangwa. Leo kidogo, kesho kidogo, baada ya mwaka una kahawa kwenye kiganja.

Hili nawaambia sana madereva wa utalii. Unatoka geti la Loduare kule Ngorongoro unapandisha mpaka juu ukingoni mwa kreta, gari imejaa, gia ndogo, tabo inafanya kazi kweli kweli, na hewa pale juu kwenye mita 2,300 hivi imebaki kama robo tatu ya ile ya Tanga kwa hiyo inabidi izunguke zaidi ili kuipa injini kiasi kilekile. Unafika kwenye kituo cha kuangalia kreta, wageni wanaruka na kamera, na wewe unazima palepale uwe mpole watu wasikie ndege. Hapana bwana. Acha iungurume dakika mbili tatu, wageni watapiga picha tu, kreta haiendi mahali. Hivyohivyo ukimaliza kupanda ule ukuta kutoka Mto wa Mbu ukasimama juu kuangalia ziwa Manyara, hivyohivyo ukifika geti la Marangu au Machame na mizigo ya wapagazi.

Ila tusiwe watumwa pia. Kuna jamaa yangu anatoka nyumbani Njiro anaenda Kilombero kununua nyanya, kwenye foleni muda wote, akifika anakaa kwenye gari dakika tano anasubiri tabo ipoe. Ipoe nini? Kilomita mbili tatu za mwisho ukiziendesha taratibu tabo imeshapoa njiani. Ukitoka Moshi kwa mwendo mkali, ukifika Tengeru unaanza kukutana na malori na bodaboda, mpaka unaingia mjini imepoa yenyewe. Kupoza kunahitajika pale unaposimama ghafla baada ya kazi ngumu. Ile taimer ya tabo wanayofunga vijana wa Subaru inafanya kazi hiyo, inaacha gari iungurume umeshatoa ufunguo, sio mbaya, ila kukaa dakika mbili ukijibu meseji ni bure.

Tuje kwenye maji, hapa ndo kuna utamu. Injini ikizimwa wota pampu nayo imesimama, sasa utauliza maji yanapozaje tabo kama hayazunguki? Yanazunguka yenyewe. Maji yaliyopata moto kwenye tabo yanakuwa mepesi yanapanda kwenye bomba la juu, ya baridi yanashuka kuziba nafasi kwenye bomba la chini, inaendelea hivyo mpaka moto utulie, kama uji unavyojigeuza sufuriani bila mwiko. Ndo maana kwenye Subaru ukifungua boneti unaona lile tenki dogo la maji liko juu kabisa, juu kuliko tabo. Halipo pale kwa urembo, maji ya moto yanapandia huko.

Lakini huo mzunguko ni dhaifu, hauna nguvu ya kupita vizuizi. Bomba la kutoa maji lazima lipande muda wote mpaka linapoishia, ukiweka mpira mrefu ukafanya bonde au ukalipitisha juu halafu likashuka, hewa inakaa pale na mzunguko umekufa. Ukimwaga maji ya rejeta, wakati wa kujaza toa hewa: gari ipaki pua ikiwa juu kidogo, mfuniko wazi, hita weka kwenye moto kabisa, washa, binyabinya mipira kwa mkono, ongeza mpaka mapovu yaishe. Ukisikia sauti ya maji yanatiririka nyuma ya dashibodi ujue hewa bado imo.

Kitu kinachonikera kuliko vyote ni hiki: mpira wa maji wa tabo umepasuka, mpira mwenyewe mdogo, spea haipatikani siku hiyo, mtu anachukua ile mipira miwili anaiunganisha pamoja kwa kipande cha bomba na klipu, tabo imetolewa kwenye mzunguko wa maji. "Bosi iko fresh, haivuji tena." Ni kweli haivuji. Gari inatembea vizuri miezi, hakuna taa inayowaka, hakuna dalili, na ndani oili inakaangwa kila ukizima. Ukitumia njia hiyo kufika nyumbani kutoka Karatu sawa, ila kesho yake tafuta mpira. Na ukinunua gari used, fuata ile mipira kwa kidole mpaka mwisho wake uhakikishe inaingia kwenye tabo kweli.

Halafu mwinuko. Maji matupu ufukweni yanachemka nyuzi 100, hapa Arusha mjini kwenye mita 1,400 hivi yanachemka kama nyuzi 95, kule ukingoni mwa kreta kama 92. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta, ule unabana presha na kuongeza nyuzi ishirini na kitu kabla maji hayajachemka. Umeandikwa juu 0.9 au 1.1, weka ule ule gari yako inaotaka. Mfuniko uliochoka springi au uliokatika mpira, hata kama hauvujishi nje, maana yake maji kwenye kile kifuko cha tabo yanageuka mvuke mapema, na mvuke haupozi chuma kama maji. Watu wanabadilisha wota pampu na rejeta nzima kabla ya kubadilisha mfuniko. Anza na mfuniko. Na usiufungue gari ikiwa ya moto, hilo naona niliseme tu hata kama unajua, mkono wangu wa kushoto una alama.

Maji ya bomba acha. Maji ya kwetu huku yana floraidi, meno yetu ni mashahidi, sasa sisemi floraidi ndo inaua tabo ila maji yenye madini yanaacha magamba kama yale unayoyaona kwenye birika, na bila dawa ya kuzuia kutu yanakula chuma. Njia za maji ndani ya tabo ni nyembamba, magamba yakiziba pale hakuna mtu atayaona. Tumia kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri, na hakikisha sio yale makali ya asidi maana dukani yanakaa rafu moja. Mchanganyiko huo hata bila mfuniko unachelewa kuchemka kuliko maji matupu. Miaka miwili mitatu mwaga uweke mpya.

Temostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nayo isitolewe. Najua fundi atakwambia huku ni nchi ya joto haina kazi. Ikitolewa injini haifikii moto wake, unyevu na dizeli vilivyoingia kwenye oili havikauki, oili inakuwa tope, na tope linapanda kwenye kibomba kilekile. Umetatua kuchemsha umetengeneza njaa ya oili.

Wenye Land Cruiser za 1HZ, zile za 4.2 ambazo kiwandani hazina tabo na mnafunga ya kuongeza, ni sawa, nguvu mtaipata, ila hakikisheni aliyetoboa sampo ameweka bomba la kurudi juu ya usawa wa oili, na maji yameungwa kama tabo ina njia ya maji. Gari nyingi zilizofungwa nimekuta vile vitundu vya maji vimezibwa na bolti. Kwa barabara ya lami ya Arusha kwenda Namanga labda utapona muda, kwa Ngorongoro hapana.

Siku ya kufunga tabo mpya basi, fanya hivi. Kwanza umeshapata muuaji, umeshamwaga oili yote na filta ni mpya, kibomba kipya, gasketi mpya bila silikoni. Funga tabo lakini bomba la juu la oili usilifunge kwanza, chukua oili safi mimina kwenye lile tundu huku ukizungusha feni kwa kidole, imimine mpaka uione inatokea chini. Funga bomba. Chomoa soketi za nozeli ili isiwake, piga stata sekunde kumi na tano, pumzika, rudia mpaka taa ya oili izime. Mzee yule ana hatua moja zaidi ambayo naipenda, bomba la kurudi analiacha wazi chini yake anaweka chupa ya maji iliyokatwa, anapiga stata mpaka aione oili inadondoka mfululizo ndani ya chupa. Mara ya tatu hiyo mimi nilikuwa nimeshika chupa, yeye kwenye ufunguo, ilikaa kavu muda mrefu nikaanza kuwaza mjomba ntamwambiaje tena, halafu likadondoka tone, likafuata lingine, kikawa kijito. Hapo ndo tukafunga. Rudisha soketi, washa, acha sailensi dakika tano, usipige resi kuwaonyesha watu sauti ya tabo.

Ukitaka kujua tabo uliyonayo ina hali gani, gari ikiwa imepoa toa mpira wa hewa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ikicheza kidogo sana pembeni ni kawaida, ile ndo nafasi ya oili. Feni ikigusa ukuta wake imeisha. Ukisukuma na kuvuta kwa urefu wa shafti ukahisi inatembea, imeisha pia. Angalia na ncha za feni, zikiwa zimelika kama zimepigwa msasa basi vumbi limeingia na hiyo ni kesi ya eya klina au mpira wa hewa uliopasuka, sio oili, usimlaumu asiyehusika.

Baada ya kufunga tembea kama kilomita 500, halafu mwaga oili tena, najua inauma, na ile filta ya zamani usiitupe. Ikate na msumeno wa chuma, kunjua karatasi yake juani uitazame. Masizi meusi laini sio shida. Ukikuta punje za mkaa ujue bado kuna uchafu unatoka mahali, endelea kutafuta. Ukikuta chembe zinameta rangi ya dhahabu, hizo ni bushi, za tabo au za injini yenyewe, na gari isiwashwe tena mpaka ujue zimetoka wapi.